Picha ya Mama Sikujua

Kalisti alifika na mbuzi asubuhi ya Jumatano, siku ambayo alipaswa kuwa darasani. Alimfunga kwenye minyaa ya ua, nje kabisa ya lango, akakohoa mara mbili, kisha akageuka na kutazama barabara ya Buseresere, kwa sababu mkwe hasimami akichungulia ndani ya ua wa wakwe zake.

Mama mkwe wake, Melania, alikuwa akianika udaga wa mihogo uani. Alikijua kikohozi kile. Alivuta kanga kichwani, akaacha udaga ulivyo, akaingia ndani. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu ndoa, mwaka wa pili sasa: huyu akitokea huku, yule anapotelea kule, wakikutana njiani, Kalisti anaingia majanini na kugeuza uso mpaka mama apite. Hakuna aliyeona kuwa ni mzigo. Ilikuwa ni heshima, na kila mmoja wao alijua mahali pake pa kusimama.

Mihayo, mume wa Melania, alitoka na mpini wa jembe aliokuwa akiuchonga.

"Shikamoo, baba. Mwangaluka."

"Marahaba. Mbona leo? Umefukuzwa shule?"

"Sijafukuzwa."

"Na huyu mbuzi?"

"Ni wa mama."

Mihayo alimtazama mbuzi. Alikuwa jike, mweupe, ambaye hajazaa. Katika ukoo ule kijana hakumletea mama mkwe wake mbuzi wa namna hiyo kwa ajili ya kitoweo. Mbuzi huyo aliletwa kwa kosa moja tu: kumwona mama mahali ambapo macho ya mkwe hayapaswi kufika.

"Umemwona wapi?" Mihayo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siwezi kusema, baba."

"Jumapili ulikuja kumtazama mkeo. Ulipoondoka ulipita njia ya mtoni."

"Nilipita, lakini..."

"Wanawake walikuwa wanaoga."

"Si mtoni, baba."

"Basi wapi? Mke wangu anaenda mtoni, anaenda shambani, anaenda kanisani. Unataka kuniambia ulimwona uchi kanisani?"

 Kusema alichokiona kungekuwa kuutaja mwili wa mama mkwe mbele ya mume wake, na hilo lingekuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Mfungue mbuzi wako," alisema Mihayo. "Nikimpokea nimekusamehe, na mimi sijui nasamehe nini. Nenda. Ukifika kwenu mwambie baba yako apanue zizi. Wale ng'ombe kumi na wawili watarudi."

Binti yao Sikujua, mke wa Kalisti, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na alikuwa amekuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Aliyasikia yote. Ng'ombe wakirudi, yeye hana mume, na mtoto atazaliwa kabla kosa lenyewe halijajulikana.

Kilichotokea kilikuwa hiki.

Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka pale, upande wa migodi ya dhahabu ya Geita. Mwaka ule wa 1954 walikuwa wakifundishwa pale vijana kumi na mmoja kuwa madresa, wahudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, ili waende kufungua zahanati vijijini hadi Ushetu. Mwalimu wao, Bwana Gregory, alikuwa mtu mwema. Alianza kazi kwa kufagia wodi, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, na kila alichokipata alitamani kumpa mwingine. Shida yake ilikuwa picha. Kitabu alichokuwa nacho kilionyesha miili ya Wazungu. Kilisema ngozi inakuwa nyekundu, na mwanafunzi anauliza, "Mwalimu, kwetu wekundu huo unauonaje?" naye hana la kuonyesha.

Basi alianza kutafuta. Katika kabati la daktari aliyekwisha kurudi Ulaya alipata bahasha ya kaki, na ndani yake picha ya mwanamke aliyeketi kifua wazi, ziwa la kushoto limevutwa na uvimbe. Juu ya bahasha palikuwa na maneno: "Kwa ushauri wa daktari wa Mwanza tu." Gregory aliyasoma. Aliyasoma mara mbili. Akajiambia kwamba daktari ameondoka, na mgonjwa huenda amekufa, na vijana watafanya mtihani mwezi wa nane. Siku ya Jumanne akaipigilia picha ukutani.

Kalisti, aliyekaa benchi la pili, aliuona uso kwanza. Alinyanyua daftari lake akajifunika macho.

"Kalisti, umelala?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi tazama."

"Siwezi, mwalimu."

Darasa lilicheka. "Muacheni," alisema Thobias, kijana wa mgodini. "Huyo hajaona ziwa tangu alipoachishwa!"

Gregory alimfuata akamshushia daftari kwa mkono wake. "Dresa hana haya. Mgonjwa akija na kidonda mahali pa siri, utafumba macho umpe dawa kwa kupapasa?" Kalisti alisimama, akamtazama mwalimu machoni ili asiutazame ukuta, akatoka nje. Nyuma yake alisikia: "Jumatatu uje na maelezo. Kama huna, rudisha kaptula na shati la kazi."

Jioni ile aliuza baiskeli yake, akanunua mbuzi.

Jumatano ile, Kalisti alipofukuzwa langoni, Sikujua alimfuata barabarani, akitembea taratibu huku ameshika kiuno. Alimkuta ameketi juu ya jiwe, mbuzi akila majani kando.

"Baba anasema ulichungulia wanawake mtoni."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema niambie."

"Sikujua, kuna mambo siwezi kuyataja."

"Usiyataje. Nitauliza, wewe utaitikia. Ni mtoni?"

"Hapana."

"Ni hapa nyumbani?"

"Hapana. Ni darasani." Akachora chini kwa kijiti. "Kuna picha."

Sikujua alikitazama kijiti. Alikumbuka mwaka mama yake alipolazwa hospitali ya misheni, akarudi ubavu mmoja wa gauni umelala. Aliketi chini barabarani, miguu imenyooka mbele yake.

"Uso unaonekana?"

"Unaonekana."

"Na wenzako wote wameona?"

"Kumi, na mwalimu."

"Wakacheka?"

"Walinicheka mimi. Hawajui ni nani. Nilikaa kimya ili wasijue." Akaongeza, "Nikirudi lazima niitazame. Nisiporudi, mwaka mzima umepotea. Na baba yako hanitaki. Sijui niende wapi na huyu mnyama."

"Mlete," alisema Sikujua akinyanyuka kwa shida. "Mfunge palepale. Usiondoke."

Melania alisikiliza akiwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti. Binti yake alipomaliza, hakulia. Aliuliza jambo moja tu:

"Ilikuwa haijaenda Mwanza?"

Aliikumbuka siku ile vizuri. Daktari alisimamisha sanduku lenye jicho la kioo juu ya miguu mitatu, na Sista Scolastika akamfasiria: picha itakwenda Mwanza, daktari mkubwa aitazame, aseme tukate au tusikate. Melania alisema sawa. Alivua. Mihayo aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kukatwa. Majibu yalipokuja akakatwa, akapona, na miaka mitatu yote aliamini kwamba picha ile iliishia kule, kama neno lililokwisha kusemwa na kusikiwa.

Alipiga magoti pale pale, kati ya kitanda na mtungi.

"Bwana Yesu," alisema, "ulinipa uhai nikakushukuru kila asubuhi. Sikujua kwamba nimetundikwa. Wewe ulivuliwa nguo mbele ya watu, unajua. Usiniache nikaongea kwa hasira. Nionyeshe tu niseme nini. Amina."

Nje, Sikujua alimweleza baba yake. Mihayo alisikiliza, kisha akaenda mpaka langoni, akasimama karibu na mkwe wake bila kumtazama.

"Ungesema ni picha."

"Ningeanzaje, baba?"

Mihayo aliinama kwenye minyaa. Alimfungua mbuzi, akamwingiza ndani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akachukua panga lililochomekwa kwenye paa.

"Liweke," alisema Melania kutoka ndani. "Aliyepigwa picha ni mimi. Nitakwenda mimi, na wewe utanisindikiza. Bila panga."

Ijumaa walifika hospitalini jua likiwa bado halijapanda. Mtu wa mapokezi aliuliza kwa sauti ya kusikika benchi zima, "Mama, unaumwa nini?"

"Hatuumwi," alisema Mihayo.

"Kama hamuumwi mmefuata nini? Hapa si sokoni. Kaeni pale."

Walikaa pale mpaka saa sita. Wagonjwa waliokuja nyuma yao waliingia na kutoka. Mara vijana wa kozi wakapita, wamevaa kaptula zao za kazi, wakitoka darasani. Mmoja alimtazama Melania usoni, akasita, macho yakashuka kifuani kwake, yakaruka haraka kwenda kwenye paa. Alimshika mwenzake mkono. "Ni yeye," alinong'ona. Wakaongeza mwendo.

Melania alivuta kanga mbele, akaishikilia kwa mikono miwili. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemtazama hivyo. Mihayo aliona, akakaza taya, akahesabu mabati ya paa la wodi mpaka hasira ikapungua.

Hatimaye waliitwa ofisini kwa Sista Scolastika, ambaye sasa ndiye aliyesimamia hospitali. Gregory alikuwa tayari amesimama karibu na dirisha. Melania alipotaja picha, uso wa mwalimu ulibadilika.

"Mama," alisema, "sikujua kama upo hai."

"Nipo."

"Kalisti ni nani wako?"

"Amemwoa binti yangu."

Gregory alifunga macho. Aliona tena mkono wake ukishusha daftari la yule kijana.

"Naomba nieleze," alisema. "Mwaka jana walikuja hapa wanawake sita wenye ugonjwa huo. Wote uvimbe ulishapasuka. Wote sita tumewazika. Huko walikotoka kulikuwa na madresa, na madresa wale walikuwa wakiwapa mafuta ya kupaka, kwa sababu hawajawahi kuona mwanzo wake ulivyo kwenye mwili kama wetu. Sikuiweka ile picha kwa mchezo."

"Nimekusikia," alisema Melania. "Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Labda ningekataa. Lakini ungeniuliza."

Sista aliomba bahasha. Aliyasoma maneno yake kwa sauti, akaiweka mezani. "Gregory, ulikuwa hujayaona haya?"

Ulikuwa ni mlango uliofunguliwa, angeweza kupita. Mihayo alimtazama, akingojea uongo.

"Niliyaona, Sista," alisema Gregory. "Niliyasoma mara mbili. Nimemkosea huyu mama, na nimemkosea mwanafunzi wangu mbele ya wenzake."

Sista aliigeuza bahasha. "Karatasi ni ya hospitali," alimwambia Melania, "lakini mwili ni wako, na ruhusa uliyotoa ilikuwa ya kazi moja, nayo ilikwisha. Ukisema ichomwe, tutaichoma sasa hivi mbele yako."

"Ichomwe," alisema Mihayo.

"Ngoja kwanza, Baba Sikujua," alisema Melania. "Mimi sijawahi kuiona."

Walimpa. Aliishika mbali kidogo, kisha karibu. Aliangalia uvimbe, akakuta haumtishi. Aliujua kwa vidole vyake. Kilichomshinda ni uso. Mwanamke yule alikuwa anamtazama mtu aliye nyuma ya sanduku, na mtu yeyote aliyekuwa na macho angeona kwamba anaogopa kufa na anaona aibu kusema. Wale vijana kumi waliyaona hayo pia.

"Wale sita," aliuliza, "walikuwa na watoto?"

"Wote," alisema Gregory. "Mmoja alikuja amebeba wa mgongoni."

Melania aliomba mkasi. Sista alitoa wa kukatia bandeji. Mama yule aliweka picha juu ya goti, akakata polepole, shingoni, akaenda mpaka mwisho. Sehemu ya uso aliifunga katika pindo la kanga. Sehemu nyingine aliisukuma kuelekea kwa Gregory.

"Sasa andika, Sista. Picha hii ni ya kufundishia humu darasani tu, isitoke kwenda hospitali nyingine. Isipigiliwe ukutani, mwalimu aitoe kwa mkono wake, akimaliza airudishe kabatini na kutia kufuli. Na kabla hajaitoa awaulize vijana, kama kuna mtu wa kwetu anayenipa heshima ya mkwe au ya mama, atoke, na asichekwe na mtu. Nikibadili mawazo nitakuja, mtanipa."

Sista aliandika, akasoma, Melania akasikiliza kila neno. Safari hii dole gumba lilikuwa lake.

"Jumatatu Kalisti aje," alisema Gregory. "Nitamwomba radhi mbele ya wote. Lakini mama, kuna jambo halijaisha. Mwezi wa nane watatahiniwa, na ugonjwa huu utaulizwa. Sitamlazimisha aitazame. Ila nikimpitisha hivyohivyo bila kujua, nitakuwa nimempeleka kijijini kwenda kugawa mafuta ya kupaka. Siwezi. Kile kitabu cha Wazungu hakimtoshi."

"Kama hajui, usimpitishe," alisema Melania.

Njia nzima ya kurudi hakuzungumza. Mihayo, aliyemzoea, alijua kwamba anasali.

Jumapili baada ya misa Kalisti aliitwa. Alikuja na daftari, kama alivyoagizwa, akaketi chini nje ya ua, mgongo umegusa minyaa, uso barabarani. Upande wa ndani Melania alileta kigoda akakaa, naye akampa ua mgongo. Sikujua aliwekwa langoni, mahali ambapo angeweza kuwaona wote wawili, kwa kuwa mkwe na mama mkwe, wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa katikati. Mihayo aliketi mbali, akichonga mpini wake, kichwa kimeinama.

"Sikujua," alisema Melania, "mwambie mume wako, uvimbe ulianza kama punje ya njugu mawe. Mgumu. Ukiusukuma hauendi."

Kalisti alikuwa amesikia kila neno. Alingoja.

"Mama anasema ulianza kama punje ya njugu mawe," alisema Sikujua. "Mgumu. Hauendi."

Kalamu iliandika.

"Mwambie haukuuma. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanasema kisichouma si ugonjwa."

"Mama anasema haukuuma."

"Mwambie ngozi ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama ganda la limau. Wekundu sikuuona, ngozi iliongeza weusi, ikang'aa. Kisha chuchu ikarudi ndani."

Sikujua alisita kwenye neno lile. Mama yake alisubiri, na Mihayo akaacha kuchonga. Binti alivuta pumzi, akalisema kama lilivyo. Nyuma ya minyaa kalamu iliandika.

"Mwambie kwapani palitokea punje nyingine mbili. Mwambie akimkuta mwanamke ana hiyo ya kwanza na bado hana hizo mbili, amwandikie barua siku hiyohiyo aje hospitali. Asimpe mafuta."

Waliendelea hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye ua. Kuku walipita katikati yao. Kalisti alijaza kurasa mbili, akafungua ya tatu. Kisha, kwa mara ya kwanza, alizungumza yeye.

"Sikujua, naomba umwulize mama. Tangu aliposhika ile punje mpaka alipokuja hospitali, ulipita muda gani?"

Sikujua aligeuka kumwuliza mama yake, akaona hakuna haja. Melania alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa kulia umepanda wenyewe ukashika upande wa kushoto wa gauni.

"Mwambie miezi tisa," alisema. "Baba yako aliniuliza mara mbili kwa nini sikohoi na bado nimeshika kifua, nikamwambia ni uchovu wa shamba. Padre aliniuliza. Wewe uliniuliza. Mwambie nilikuwa naona aibu."

Sikujua hakuweza kurudia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, na bado sauti haikuja.

"Basi amenisikia," alisema Melania. "Kalisti, mwanangu, hilo liandike la kwanza."